Embe Tano za Mama Damari

Dada yangu Kabula ana kwa ana ni paka aliyemwagiwa maji. Pale steshenari anapotoa fotokopi, Tabora mjini, ukimwambia "mambo" anakujibu kwa kichwa. Ila mpe simu sasa! Kwenye simu huyo mtoto ni simba.

Anasoma riwaya za Kikristo, zile zinazouzwa nje ya kanisa baada ya ibada, zimepangwa kwenye meza moja na kalenda na CD za kwaya. Akimaliza anazichambua kwenye blogu yake, Kabula na Kurasa. Hatoi nyota, anatoa maembe. Tabora hapa, nyota za nini? Embe moja maana yake mwandishi arudi shule ya Jumapili. Embe tano, uza kuku ununue. Kuna kitabu alikiandikia hivi: "Kijana kaokoka ukurasa wa tatu, kaoa ukurasa wa nne, hata matangazo ya ndoa hayakupata nafasi." Watu tulicheka mpaka basi.

Sasa kikaja kitabu cha Mama Damari, mjane mgonjwa mwenye mtoto kilema anayeitwa Yohana. Kabula alikilia, nilimwona kwa macho yangu, kamasi na nini. Akakipa embe tano, na mwisho akaandika kwa mbwembwe zake: "Mama Damari alitupa vidonge akasimama. Wewe unangoja nini?"

Alimaanisha unangoja nini kununua kitabu. Mimi nilielewa, wewe umeelewa.

Ijumaa mchana akanipigia. "Deus, njoo na pikipiki. Sasa hivi."

Nikamkuta kasimama nje ya duka, simu mkononi. Chini ya ule uchambuzi kulikuwa na komenti: "Asante dada. Na mimi nimeacha vyangu vya kifafa wiki iliyopita. Jumapili nasimama kutoa ushuhuda. Recheli, Igalula."

Chini yake watu wamejaza "Amina" kama mvua.

"Si umjibu tu?" nikamwambia.

"Nimemjibu tangu asubuhi. Hajafungua. Deus, akiangukia motoni?"

Njia nzima hadi Igalula alikuwa amenikamata kiuno mpaka mbavu zinalia. Nikamtania, "Dada, mimi si mchumba wako." Hakucheka. Hapo ndipo na mimi nikaogopa.

Igalula kumpata Recheli si kazi. Ni mama wa makamo, mkono wa kushoto una kovu la moto kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Tulimkuta jikoni nje, anachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, kainama juu ya mafiga kabisa. Kabula akamsogeza kabla hata ya kumsalimia.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Kabula. Wa blogu."

"Marahaba! Kumbe katoto hivi!" Recheli akapiga kigelegele, akaita majirani. "Njooni muone, mwandishi kaja kwenye ushuhuda wangu!"

Jamani. Nilitamani pikipiki initafune.

"Mama, vidonge umeacha kweli?"

"Nimeacha, mwanangu. Vipo sandukuni, Jumapili nitawaonyesha watu."

"Mama... Mama Damari hayupo."

Recheli akashika kifua. "Amefariki?"

"Hapana. Hakuwahi kuwepo. Ametungwa."

"Katungwa na nani?"

"Na mwandishi. Ni hadithi tu."

"Na Yohana, yule wa mguu?"

"Na yeye."

Mama wa watu akasahau kijiko cha mbao mkononi, kinadondosha uji wa karanga mchangani. "Yule mtoto nimemwombea kila siku," akasema. "Yaani mnatunga mtu, halafu mnamtaja Bwana juu yake?"

Kabula akaanza kuchokoa mchanga kwa kidole cha mguu. Yeye mwenye jibu la kila mtu mtandaoni!

Halafu Recheli akamkazia macho, uso ukabadilika. "Nimekuelewa. Wewe umetumwa. Kila anayetaka kushuhudia lazima ajaribiwe kwanza." Toka hapo ikawa balaa. Kabula akisema meza dawa, ni jaribu. Akilia, jaribu limezidi. Akipiga magoti, ndo kabisa, shetani naye anajua kupiga magoti.

Hatukuondoka. Kabula alipika yeye, akachota maji yeye, Recheli akienda chooni anamsubiri mlangoni. Mama akawa anamsonya tu, ila hakumfukuza. Mgeni ni mgeni.

Jumamosi mchana Recheli akaanguka. Aliinuka kufuata chumvi, akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, akaenda chini hatua moja tu kutoka kwenye moto. Kabula alimdaka kichwa. Akamlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa. Jirani mmoja akaja mbio na kijiko amtie mdomoni, Kabula akamsukuma mkono. Tukangoja. Mimi nilikuwa nasali sala ya kula, maana ndiyo pekee iliyokuja kichwani.

Aliporudiwa na fahamu akauliza, "Nimeanguka?"

"Umeanguka, mama."

Machozi yakamtoka. "Basi imani yangu ndogo."

"Imani yako haina shida. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Meza, mama, nakuomba."

"Nikimeza, kesho nitasimama niseme nini? Kanisa zima linajua."

"Nitasimama mimi."

Recheli akamwangalia sana. "Ukisimama, nitameza. Usiposimama, simezi. Mungu shahidi."

Mnamjua Kabula nyie. Huyu shuleni alikuwa anaitwa kusoma mbele anatapika.

Jumapili mchungaji akasema sasa ni wakati wa ushuhuda. Recheli alikaa benchi la mbele, vidonge kwenye leso, chupa ya maji mapajani. Kabula akainuka.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

Akairudia salamu hiyohiyo mara tatu, mpaka mtu akakohoa kumsaidia.

"Kuna kitabu nilikisifia. Yule mama aliyetupa vidonge hayupo. Nilimwandika kama yupo. Msitupe dawa zenu. Mama Recheli ameniamini, jana akaanguka, na kosa ni langu."

Mzee mmoja nyuma akasema "Haleluya" kwa mazoea, akaona hakuna wa kumuitikia, akanyamaza. Wengine walimtazama Recheli kwa macho makali, kama kawaibia kitu. Recheli hakugeuka. Akafungua leso, akameza.

Kabula akarudi kukaa, mwili wote jasho. Nikamnong'oneza, "Embe tano, dada." Kidogo atabasamu.

Tulipotoka nje, mama mmoja mwembamba, Suzana, akamfuata Kabula na mtoto mgongoni. Alisubiri watu wapungue.

"Dada, samahani. Ile nyingine uliyoisifia, ya mume aliyepotea machimboni miaka saba halafu akarudi. Na wangu kapotelea hukohuko. Kuna mtu alitaka kunioa, nikamkatalia. Nangoja." Akamweka mtoto vizuri. "Na ile nayo wametunga?"

Kabula akakaa chini palepale mchangani na gauni aliloazimwa na Recheli.