Sauti ya Mshiriki wa Nne

Babu yangu alikuwa anapoteza masikio. La kushoto lilikufa bibi akiwa bado hai, na la kulia likaanza kufuata baada ya msiba wake. Daktari aliyempima mjini Sumbawanga aliniambia mimi, hakumwambia yeye, kwamba hakuna dawa, tuzoee kumsogelea tunapoongea naye. Njiani kwenda stendi babu akaniuliza daktari kasema nini. Nikamwambia ukweli, kwa sababu kudanganya sijui.

Tukafika, tukakaa kwenye benchi kusubiri gari la kurudi kijijini, upande wa Laela. Ndipo akasema kuna kitu anataka kukisikia kabla sikio la kulia halijazibika kabisa. Anataka kumsikia bibi akimwita.

Bibi alikuwa na jina lake la kumwita babu. Alimpa walipokuwa vijana, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitumia. Sisi wajukuu tunamwita babu, majirani wanamwita baba wa mwanawe wa kwanza, na padre anamwita kwa jina la ubatizo. Lile lingine lilikuwa la bibi peke yake.

"Tangu azikwe, mimi sijaitwa," alisema.

Nikamkumbusha kwamba hatuna sauti ya bibi. Tuna picha mbili, moja ya kitambulisho.

"Ipo," akasema. "Yule mama wa kinasa sauti anayo."

Nilimkumbuka. Nilikuwa darasa la tatu alipofika kijijini kwetu mtafiti wa lugha, mwanamke mgeni aliyejua Kiswahili vizuri na aliyekuwa anajifunza Kifipa, lugha yetu. Kiangazi chote alikaa na bibi kwenye mkeka nyuma ya jiko, kinasa sauti katikati yao, bibi akichambua ulezi huku anazungumza. Hakuna aliyelikumbuka jina la mgeni yule wala chuo alichotoka.

"Bibi yako alimmwagia habari zangu zote," babu akasema. "Nilikuwa napita na jembe nasikia. Kila saa ananitaja. Wewe si unashinda kwenye kompyuta, mke mdogo? Mtafute."

Mke mdogo ndiye mimi. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, ule utani wa babu na mjukuu.

Ni kweli nashinda kwenye kompyuta, lakini sikwenda chuo. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunifikisha popote, na kazi yangu ni kuchapa na kuprinti kwenye steshenari mjini. Naishi chumba kimoja mtaa wa Kasense. Kila mwaka wanachuo wananiletea ripoti zao za utafiti, na kwa kuzichapa nimejifunza Kiingereza cha vitabuni pamoja na namna marejeo yanavyopangwa: jina, mwaka, kichwa cha makala, jarida. Nikikuta nukta imekosewa nairekebisha bila kuambiwa, na wateja hawajui. Niseme tu kwamba nina ugonjwa huo. Ukurasa mmoja naweza kuurudia mpaka mwenye duka ananizimia mashine.

Nilianza kutafuta mtandaoni kwa Kiswahili, sikupata kitu. Nikatafuta kwa Kiingereza, zikaja makala nyingi kuliko bando langu. Nyingine zilikuwa za mahindi, nyingine za vilima tunavyotengeneza kwa kufukia majani tunapolima, nyingine za ziwa la huku kwetu. Zilizohusu lugha zilikuwa chache, na karibu zote zimefungwa. Unasoma muhtasari, ukigusa kuendelea unadaiwa malipo kwa dola au nywila ya chuo. Nilikaa mbele ya milango hiyo wiki nyingi nikijiona kama mtu aliyefika harusini bila kadi.

Aliyenifungulia macho ni mteja mmoja, kijana anayesoma shahada ya pili mkoa mwingine, aliyekuwa amerudi kwao Chala kukusanya data za utafiti wake wa udongo.

"Mambo! Mbona umenuna, mchapaji?" aliniuliza.

Nikamwonyesha.

"Ndiyo maana. Unagonga mlango wa mbele." Akavuta kiti. "Anza na makala yoyote ya bure, hata iwe mbovu. Nenda mwisho kabisa, kwenye marejeo. Ona huyu kamtaja nani, kisha huyo naye kamtaja nani. Utafika tu."

"Na nikimfikia makala yake imefungwa?"

"Unamwandikia mwenyewe. Barua pepe yake ipo hapo chini. Mwombe nakala, wengi wanatuma siku hiyohiyo. Unadhani sisi tunasomaje? Chuo changu chenyewe hakina hela ya majarida hayo. Tunaombana kama chumvi, dada."

Nikafanya hivyo. Makala moja ilinipeleka kwa nyingine, kama unavyotafuta nyumba ya mtu kijiji cha ugenini kwa kuuliza mlango hadi mlango. Niliwaandikia waandishi watatu. Kila barua niliiandika upya mara nyingi kabla ya kubonyeza kutuma. Niliogopa wangeona kosa moja la kisarufi na kujua kwamba mimi si mtu wa kuandikiwa. Wawili walijibu, na wa pili alinitumia pia makala ya mtu mwingine aliyemtaja kwenye marejeo yake; humo nilimkuta bibi.

Kulikuwa na jedwali la washiriki. Halikuwa na majina, ila namba, jinsia, umri wa kukadiria, na mahali kwa ujumla. Mshiriki wa Nne alikuwa mwanamke, mkulima, zaidi ya miaka sitini, upande wa Laela. Huyo angeweza kuwa bibi wa mtu yeyote. Lakini kurasa chache mbele kulikuwa na sentensi ya Kifipa iliyokatwakatwa vipande, chini yake maelezo ya vitenzi, na chini kabisa tafsiri ya Kiingereza: mume wangu aliuza mbuzi akanunua redio.

Nilicheka kwa sauti, mteja akageuka. Ugomvi wa mbuzi yule ulidumu maisha yao yote. Bibi alikuwa akiuanza upya kila redio ilipoishiwa betri. Kumbe ulisafiri ukaenda kuwa mfano wa jinsi Wafipa wanavyosema jambo lililopita. Watu wa mbali, ambao hawatakaa waone Ufipa, wameunukuu katika makala zao, na mimi niliufikia kwa kufuata marejeo yao. Mwishoni mwandishi aliwashukuru wazungumzaji wote kwa ukarimu wao. Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kuchapa siku ile.

Bibi alirekodiwa na mtu mmoja tu, kwa hiyo mwandishi alikuwa ndiye mama wa kinasa sauti. Barua ya kumwandikia ilinichukua muda mrefu kuliko zote. Nilijiambia naisahihisha, lakini kwa kweli nilikuwa naogopa. Kila nilipompigia babu simu nilisikia sauti yake ikipanda, kwa sababu asiyesikia hupiga kelele, na alikuwa anauliza kitu kimoja: "Umempata?" Nikipiga kelele kumjibu kwamba bado, hanisikii, anauliza tena.

Hatimaye nilituma. Akajibu kesho yake, kwa Kiswahili, barua ndefu yenye huzuni ya kweli. Alimkumbuka bibi na ugali wake wa ulezi. Alinipa pole. Akaniambia sauti zote zimewekwa kwenye hifadhi ya chuo ili watafiti wengine wazitumie, akanipa kiungo na nywila. Kwa dakika chache nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote.

Nilisikiliza peke yangu kwanza, nikiwa nimefunga mlango wa chumba. Kuku wanalia, upepo unapiga kinasa sauti, halafu bibi yule pale anakohoa. Anamwambia mgeni asikalie unga. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nikajikuta nimesimama.

Kisha akaanza kueleza alivyoolewa. Akasema alimkuta kijana mmoja kisimani, akamwita. Mahali pa jina palikuwa na mlio mmoja, mrefu, mwembamba. Tiiii. Akaendelea na habari zake. Tiiii. Aliuza mbuzi, tiiii huyu, akanunua redio. Nilisogeza mbele, nikasogeza tena, nikafungua faili la pili na la tatu. Kila mahali alipomtaja, na kila alipomtaja mama yangu, wajomba na jirani, palikuwa na mlio. Sauti ya bibi ilikuwa imeachwa yote, pamoja na kicheko na kikohozi. Majina tu ndiyo yalikuwa yametolewa.

Nilimwandikia tena papo hapo, bila kusahihisha, kwa mara ya kwanza maishani. Nilimwomba zile nakala za mwanzo, ambazo hazijawekewa mlio.

Alijibu baada ya siku kadhaa, kwa ufupi. Alisema kuficha majina ni sharti la maadili ya utafiti, kuwalinda washiriki na watu wanaowataja. Bibi alielezwa hivyo na akakubali. Mradi ulipofungwa, kanuni iliwataka wafute nakala za mwanzo, na yeye mwenyewe ndiye aliyezifuta. Akaandika kwamba hakuwahi kufikiria mtu angelihitaji jina, na kwamba anasikitika.

Sikuwa na wa kumkasirikia. Ningekuwa mimi, na ugonjwa wangu huu wa kufuata kanuni, ningezifuta siku ya kwanza, na ningehakikisha mara mbili.

Nilifikiria kutompelekea babu. Nilifikiria pia kukata vipande vyenye mlio nimwachie kuku na unga tu. Lakini angeuliza, na ningetakiwa kudanganya. Nikaazima spika ndogo kwa mwenye duka, nikapanda gari la Laela asubuhi.

Nilimkuta amekaa juani nje, amejifunika koti kwa ajili ya upepo.

"Shikamoo, babu!" nikamwambia sikioni.

"Marahaba. Mke mdogo, umekuja na mke mwenzako?"

"Nimekuja naye. Lakini babu, sikiliza kwanza. Kuna kitu..."

"Washa."

Nikaiweka spika kwenye sikio la kulia na kuongeza sauti mpaka mwisho. Bibi akakohoa. Uso wa babu ulibadilika kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Akaushika mkono wangu ili spika isisogee. Bibi akasema asikalie unga, babu akacheka, akasema, "Mkali huyo, mkali." Bibi akafika kisimani.

Tiiii.

Babu akasogeza kichwa nyuma kama aliyeumwa na mdudu. "Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Rudisha."

Nikarudisha. Akakunja uso, akabana spika zaidi. Mlio ule aliusikia vizuri kuliko maneno.

"Hapo ndipo ananiita," akasema. "Hapohapo. Nini hicho?"

Nikamwelekezea mdomo sikioni nikamweleza yote: kwamba wamefuta majina, kwamba ndiyo sheria yao, kwamba bibi mwenyewe alikubali, na kwamba nakala za zamani hazipo tena. Ilibidi niseme kila sentensi mara mbili, kwa kupiga kelele, uani, kama mtu anayegombana.

"Wamefuta ili iwe nini?"

"Kukulinda, babu."

"Na nani?"

Akaniambia nizime. Kuku wa kwake walikuwa wanaparua karibu na miguu yetu. Kisha akanivuta bega, akanitajia jina lile. Nilikuwa sijawahi kulisikia kwa karibu. Ni fupi, na silitaji hapa.

"Wewe ni mke mdogo. Niite."

Nikamwita. Akatikisa kichwa. "Siyo hivyo. Anavuta mwishoni, halafu anashusha." Nikavuta, nikashusha. "Siyo." Nikajaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali wa bibi, nikabana pua kidogo kama alivyokuwa akibana. Kila mara alisema siyo. Sikujua kama naliharibu au ni sikio lake halilipati, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kuniambia lipi ni lipi.

"Nguvu," akasema. "Kama uko shambani."

Nikasimama, nikajaza kifua, nikaliita jina lile kwa sauti yangu yote. Mke wa jirani akachungulia juu ya ua wa mabua, mikono ina unga, akauliza ni nani huyo anayeitwa.

Babu alikuwa bado ameinamisha kichwa, sikio la kulia ameligeuzia kwangu, anasubiri kuitwa.