Daktari wa Macho na Taa za Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, fundi amepiga magoti mbele ya gari jeusi la zamani, uso kwa uso na taa ya kushoto. Anakipulizia kioo pumzi kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu unatanda, na herufi zilizofifia miaka mingi zinajitokeza. Anazisoma, kisha anahamia taa ya kulia.

Mtaani wanamwita Daktari wa Macho, kwani kazi yake ni kutambua na kutengeneza taa za mbele za magari ya kale. Jina hilo lina kero zake.

"Kuna mama aliniletea mumewe ana mtoto wa jicho," anasimulia akicheka. "Nikamwambia, mama, wagonjwa wangu mimi wanatumia betri."

Ana miaka hamsini na mmoja, na alianza kwa kuosha vipuri kwenye gereji ya mjomba wake. Kipato ni cha kubahatisha. "Kuna mwezi napata wateja sita, kuna mwezi sipati hata wa kuniuliza njia."

Kinachomweka mjini ni sahihi yake. Waandaaji wa maonyesho ya magari ya kale hawapokei gari bila karatasi ya fundi inayothibitisha kuwa taa zake ni za asili, na karatasi wanayoiamini ni yake. Hapendelei mtu. Mwaka jana alimnyima rafiki yake wa utotoni kwa sababu ya kioo kimoja tu, na hadi leo wawili hao husalimiana kwa mbali.

Sasa gari hili jeusi limemkaba kooni. Ni la marehemu baba mkwe wake. Anayetaka kulipeleka kwenye maonyesho ya Jumamosi ni mama mkwe, ambaye ameketi pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akisubiri sahihi.

"Baba yenu alikuwa anaapa," mama anamweleza mwandishi. "Taa hizi zimetoka na gari kiwandani. Kila mgeni aliambiwa, hata aliyekuja kudai kodi."

Fundi anafungua taa. Mistari ya kioo imekatwa kwa mtindo ulioanza miaka mingi baada ya gari hili kuundwa. Nyuma ya bakuli la taa kuna tundu mbili zilizozibwa kwa bati, palipokuwa pakipita bolti nene za lori.

"Nikisema ukweli, namfanya marehemu mwongo mbele ya mjane wake," anamnong'oneza mwandishi. "Nikiuficha, karatasi zangu zote zitakuwa za kufungia karanga. Na nyumbani je? Mke wangu ni mtoto wa nani?"

Anafuta mikono, anakwenda kuchutama mbele ya mama mkwe, macho chini.

"Mama, nisamehe. Sahihi siwezi kuweka. Hizi ni taa za lori."

 Mabega ya mama yanaanza kutikisika. Anacheka, na machozi yanamtoka.

"Najua, mwanangu. Zile za kwanza nilizivunja mimi. Alisafiri, nikaiba funguo nijifunze kuendesha. Nikaenda moja kwa moja hadi kwenye geti, zote mbili kwa mpigo mmoja."

Mumewe aliporudi hakufoka. Alipotea siku nzima, akaja na taa hizi, akazifunga mwenyewe. Tangu hapo akawa anaapa bila kuulizwa.

"Hakutaka mawifi zangu wanicheke. Mtu ameapa kwa ajili yangu mpaka anaingia kaburini, leo mimi ndiye nimuumbue? Ndoto yake ilikuwa gari hili lionyeshwe, nikasema nitakuja, nikae kimya, Mungu atajua."

Fundi anageuka kufuta macho. Hata mwandishi wa makala haya alijikuta akitafuta leso.

Jumamosi gari jeusi halitaonekana kwenye maonyesho. Siku hiyo fundi atafunga kibanda chake cha kazi, kwa ombi la mama mkwe, amfundishe kuendesha. Mama ana miaka sabini na miwili na anasema somo lake lilikatika katikati.

"Sawa, mama," fundi anajibu. "Ila geti tutalifungua kwanza."

Kisha anauliza kwa adabu kama aanze kumtafutia taa za asili, hata ikichukua mwaka.

Mama anasimama, anashika mkoba wake. "Ukizigusa hizi za baba yenu, mwanangu, hapo ndipo tutakosana."