Mtoto wa ku Kibambazi

Munisamehe maandiko yangu. Masomo niliyaacha mapema, mkono wangu unaandika polepole na herufi zinatoka mstarini. Pale nimekosea, musome kwa sauti, mutanisikia.

Siku ya kwanza ya kazi, hapa Élisabethville, nilipewa ndoo ya chokaa na brosi ya mti mrefu. Nilikuwa kijana wa haya. Hata kubisha hodi niliona taabu. Tulikuwa tunapaka nyumba za kambi ya wafanyakazi. Mkono wa kwanza wa chokaa unakuwa mwepesi, ukuta uunywe. Mkono wa pili unakuwa mzito, ufunike. Bwana wa usafi, Mbelgiji aliyekagua nyumba, alipita nyuma yetu akisema, "Paka! Nyumba nyeupe, watoto wazima."

Lakini kuvu, yale madoa meusi ya unyevu, ilitoboa chokaa na kurudi. Wakati wa baridi watu waliziba madirisha kwa magunia na kuingiza ndani mbabula, jiko la makaa. Watoto walikohoa nyumba kwa nyumba.

Kwa mama Ngalula tulipaka tena na tena. Binti yake Mwadi, mtoto wa meno ya maziwa, kifua chake kililia kama filimbi. Kando ya mkeka wake doa lilirudi kila mara na umbo lile lile: kichwa, shingo, bega.

"Kapita," mama alimwambia mkubwa wetu, "ule muntu wa ku kibambazi, wa ku ukuta huu, anamunyonya mutoto wangu. Namutuma Kasai kwa nkambo yake, mama yangu."

"Na kifua hiki? Atafika muzima?" kapita alimjibu. Alikuwa mtu wa utani. "Tena, kama anamunyonya, mbona ule muntu hanoni?"

Mama hakucheka. Ni Mwadi aliyesema, "Hapana mubaya. Mi nikipumua, naye anapumua."

Kapita utani ulimwisha. Akamwambia mtoto, "Lala vile unalalaka, mama."

Mwadi akalala kwa ubavu. Mdomo wake ulifika sawasawa kwenye kichwa cha lile doa.

"Pumua."

Tuliona ukuta unatoka jasho. Baridi ya tofali ilishika pumzi yake na kuigeuza maji, kuvu ikanywa maji yale, na mtoto akavuta vumbi lake.

"Ndio hivi," kapita alisema. "Anajichora mwenyewe."

Tulitoa magunia dirishani. Tulilowesha doa ili vumbi lisiruke, tukakwangua, tukaosha kwa maji ya saboni, tukangoja ukuta ukauke kabisa ndipo tukapaka. Mkeka ukawekwa katikati ya chumba, mbabula ikalala nje. Mwadi hakwenda Kasai. Filimbi ilinyamaza kifuani mwake polepole, na umbo lile halikurudi.

Nilifanya kazi hiyo katika kambi nyingine, chini ya mabwana wengine, mpaka nikawa kapita mimi mwenyewe. Kila nyumba niliuliza kwanza: watoto wanalala wapi? Sasa nimestaafu.

Juzi Mwadi aliniita kwake, mtaa wa Ruashi, ambako bwana yake amejenga. Ana mtoto mchanga.

"Baba, ingia uone," aliniambia. "Ule muntu amenifuata."

Ukutani, chini kabisa, nilikuta kichwa kidogo, shingo, bega.

"Mutoto analala hapa?"

"Hapana, baba! Katikati, vile mulitufundisha. Pale hakuna muntu."

Nilimwambia matofali yangali mabichi. Alikubali, nami nilitaka kukubali. Nikaweka kiganja juu ya doa: lilikuwa na joto kama la pumzi, maji yakanibakia mkononi. Nilikwangua, nikaosha, tukafungua dirisha. Mtoto nilishauri alale chumba kingine.

Ninyi vijana munaopaka nyumba leo, kama mumekuta doa la namna hii pahali ambapo hakuna anayelala, muniandikie. Museme mulifanya nini, na mtoto wa nyumba yuko namna gani. Muandike upesi. Mwadi anangoja jibu langu.