Hodi Kutoka Ndani ya Mashine

Alasiri ya kwanza niliyoiwasha kompyuta ile, nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta waya wa spika, na sauti ya mtu ambaye wiki chache nyuma nilisaidia kumteremsha kaburini ikasema juu ya kichwa changu, "Hodi."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa na mkwaruzo wake uleule wa koo, na ule utuo mdogo katikati ya neno, kama wa mtu ambaye amekwisha kuvua viatu na sasa anangoja tu kuruhusiwa. Kutoka jikoni Khaleti, dadake mama, akaitikia kwa utulivu, "Karibu."

Nilibaki chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikajiambia kwamba nimesikia vibaya. Kisha nikajiambia kwamba mtu aliyesikia vibaya hawezi kuwa na mwenzake aliyeitikia.

Khaleti alikuwa amekaa eda ya mumewe katika nyumba yao ya Mji wa Kale, nyumba yenye kuta nene za matumbawe ambazo hata mchana huhifadhi giza kama zinavyohifadhi baridi. Hakuwa akitoka. Alilolitaka kwangu lilikuwa moja: amwone binti yake, aliyeolewa Maskati, katika kioo kile kikubwa cha kompyuta, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu na uso wa binti kwenye simu ulikuwa kwake doa tu linalosogea. Lakini programu ya simu za video ilikuwa imeanza kukataa kufunguka. Mimi nilikuwa namalizia uzamili wa isimu, na katika ukoo wetu yeyote mwenye kompyuta ya mkononi huhesabiwa kuwa fundi.

"Umeshtuka?" Khaleti aliniuliza alipoleta kahawa. "Kijana mzima, msomi, hodi yakuingiza chini ya meza."

"Khaleti, hiyo sauti."

"Ni yake. Hodi hiyo huipiga humo miaka. Wewe kila ukija waikuta i tayari imewashwa, ndiyo maana huijui."

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio, mwenye kibanda katika kichochoro kilicho nyuma ya maduka ya kanga ya Biashara Street. Siku alipoileta mashine nyumbani, Khaleti alilalamika kwamba kitu kile kinaingia sebuleni kwa watu, kinang'aa, kinapiga kelele, wala hakibishi hodi. Mzee alikaa nayo siku kadhaa, akaufungua mfumo endeshi wenyewe, akatoa ndani yake mlio ule wa kuwakia na mahali pake akashona sauti yake. Tangu hapo mashine iliingia nyumbani kwa adabu, na Khaleti aliikaribisha, kwanza kwa mzaha, halafu kwa mazoea. Mzee hakupenda kurekodiwa. Hakuacha sauti nyingine mahali popote.

Nilipochunguza nikaona kwamba mfumo ule ulikuwa wa zamani, watengenezaji wake wameshaacha kuuhudumia, na kwamba masasisho yake yalikuwa yamefungwa na mtu aliyejua alichokuwa akifanya. Nikamwambia Khaleti kwamba huenda hapo ndipo penye tatizo.

"Aliyafunga mwenyewe," akasema. Akazungusha kikombe chake. "Aliniambia, usimwache mtu akatia apdeti humu. Zikiingia zile, mimi natoka."

Najua alichokusudia. Alikusudia kwamba sasisho huja na mafaili mapya ya mfumo na kuyafuta ya zamani, na faili lenye sauti yake lilikuwa mojawapo. Ni sentensi ya kifundi, ya kweli, isiyo na siri yoyote. Hata hivyo nilishuka ngazi za mlangoni mwa nyumba ile jioni hiyo nikiwa nimeshika ukuta, na njia nzima hadi chumbani kwangu Tononoka nilikuwa nikiigeuzageuza: zikiingia, natoka.

Suluhisho la haraka lilikuwa kumletea Khaleti mashine nyingine, na binti alikuwa tayari ameahidi kuituma. Khaleti alikataa. Alitaka kumwona binti pale pale alipokuwa akimwona akizungumza na babake. Basi kazi yangu ikawa hii: kujua kwa hakika ni masasisho gani ambayo mfumo ule bado unayahitaji ili ile programu ikubali, na ni lipi kati yake litakalomtoa mzee.

Nilitegemea kukuta mengi, na yalikuwa mengi kwelikweli, lakini nilipoanza kusoma maelezo ya kila moja nikagundua kwamba sehemu kubwa haikuwa na kazi tena. Sasisho moja lilikuwa limebatilishwa na la baadaye, nalo limemezwa na jingine, na lile jingine limo ndani ya furushi moja kubwa la mwisho. Ukitia la mwisho, ya nyuma huyahitaji. Khaleti, aliyesomesha Kurani chuoni watoto wa mtaa mzima kabla ya macho kumchosha, alikuwa kwenye mkeka akinisikiliza nikijieleza peke yangu kwa sauti.

"Basi hayo ni mansukhi," akasema. "Na hilo la mwisho ndilo nasikhi."

"Ndiyo. Lililokuja baadaye limeiondoa hukumu ya lililotangulia."

"Lakini mwanangu, si kila mansukhi hufutwa. Kuna aya ambayo hukumu yake imeondoka na kisomo chake kimebaki. Yasomwa mpaka leo." Akaugeukia ule upande wa mashine, ingawa naamini hakuweza kuona zaidi ya mwanga wake. "Nitafutie njia hiyo."

Sikuwa nimewahi kupewa agizo la kifundi lililo wazi kama lile. Furushi kubwa lilikuwa na faili jipya la kulifuta lile lenye sauti; hilo lisiingie. Nikatafuta badala yake masasisho madogo madogo yaliyotangulia, yale yaliyobatilishwa ambayo bado yangeweza kutiwa moja moja, nikalinganisha orodha ya mafaili ambayo kila moja hugusa. Mawili yalitosha: moja la kuufundisha mfumo kuamini vyeti vipya vya usalama, na jingine ambalo lazima lilitangulie, kwani bila hilo, lile la vyeti hukataliwa mlangoni. Hayakugusa sauti. Niliyapitia tena. Kisha nikayapitia tena, kwa kuwa mimi ni mtu ambaye hukagua mlango niliokwisha kuufunga.

Kwa tahadhari nilitaka kwanza kuirekodi hodi kwa simu yangu. Nikaiwasha mashine, nikasogeza simu karibu na spika. Mzee akabisha, Khaleti akaitikia. Nilipoisikiliza rekodi, mlikuwa na mvumo wa feni, mlikuwa na kunguru wa nje, na mlikuwa na Khaleti, waziwazi kabisa, akisema "Karibu." Kabla yake hamkuwa na kitu. Simu za siku hizi huchuja kelele, na sauti nzito yenye mkwaruzo, inayotoka katika spika mbovu palipo na feni, huweza kuchukuliwa kuwa sehemu ya kelele. Hayo ndiyo maelezo, na nayaamini. Sikuirekodi tena. Nilimwambia Khaleti kwamba ninaweza pia kulinakili faili lenyewe, tukaitoa sauti iliyomo, akaisikiliza wakati wowote atakao.

"Niibonyeze mimi ndipo abishe?" akasema. "Hiyo si hodi. Hodi humjia mtu."

Basi tukaingia kazini. Ilikuwa alasiri nyingine, Khaleti akiwa jikoni na mikono katika unga. Sasisho la kwanza likapokelewa bila ubishi, na mashine ikaomba kuzimwa na kuwashwa upya. Nikakubali. Kioo kikafifia, na kutoka kwenye spika zilezile, taratibu, kama mtu anayeinuka kutoka kwenye kiti, mzee akasema:

"Haya. Kwaheri ya kuonana."

Kioo kikawa cheusi.

Khaleti alikuwa mlangoni kabla sijageuka. Unga ulikuwa ukimdondoka vidoleni.

"Amesema nini?"

Nilimrudia maneno yale. Nilisikia sauti yangu ikiyatamka na nikatamani lingekuwa la mtu mwingine, jukumu hilo.

"Hajapata kusema hivyo," akasema. "Umeyatia nini humo?"

Ilinichukua muda wa kutisha kulipata jibu. Katika nyumba ile, Khaleti huizima kompyuta kama anavyozima feni: kwa swichi ya ukutani. Mashine iliyokatiwa umeme haiwahi kuaga. Mzee ndiye aliyekuwa akiizima inavyopasa, yeye peke yake, baada ya mkewe kupanda juu kulala. Alikuwa ameshona sauti mbili. Ya kuingia alimpa mkewe aisikie. Ya kutoka aliibakiza chini, sebuleni, akiiacha ijisemee pasipo mtu.

Nilimweleza hayo yote huku nikikitazama kioo. Kilikuwa kimewaka maandishi meupe yanayosema usizime kompyuta, nayo hayakuwa yakienda popote. Nilikumbuka ile sentensi, zikiingia natoka, na elimu yangu yote ya mafaili ikawa haina uzito. Nilikuwa nimekagua masasisho. Nilikuwa na hakika. Na mtu alikuwa ameaga.

Khaleti hakuketi. Alisimama akiwa ameupa mlango mgongo, na mimi nilimwogopa kidogo.

Kisha feni ikaongeza mvumo, kioo kikaja bluu, na sauti ikasema, "Hodi."

Hakuitikia. Nilitaka niitikie mimi, lakini mimi ni mgeni katika nyumba ile na mgeni hamkaribishi mtu. Hatimaye Khaleti akasema, "Karibu," kwa sauti ya kumwitikia mtu ambaye bado hajamjua.

Sasisho la pili lilipotaka kuwashwa upya, alinifanyia ishara ningoje. Akapanda juu na kukaa huko mpaka mashine ilipokwisha kuaga na kubisha tena.

Programu ikafunguka. Binti akajaa katika kioo, na Khaleti akausogelea uso ule mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mama, rudi nyuma, nakuona pua tu. Na huyo aliyejibanza pembeni ni nani?"

"Fundi wako. Hodi yamkimbiza."

Walicheka. Walizungumza habari za wajukuu na za mchele, na sauti ya nyumba ikawa ya kawaida kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile. Binti alipokata, pembeni ya kioo palikuwa na kidirisha: furushi kubwa la mwisho lilikuwa likiomba kuingia. Nilikuwa nimelificha, nalo limerudi. Nikamwonyesha Khaleti kwa kidole mahali penye maneno ya kuliahirisha, akayabonyeza mwenyewe. Nikamwambia kwamba litarudi, na kwamba kila likirudi itambidi afanye hivyo hivyo. Akasema hilo si tabu.

"Nikuzimie?" nikauliza. "Inavyopasa?"

Alikwisha kufika ukutani. Mkono ulikuwa juu ya swichi, na ulikaa hapo.

"Ukizima wewe, ataaga."

"Ndiyo."

"Ameshaaga," akasema Khaleti. "Mara moja yatosha."

Akabonyeza, na kioo kikafa ghafla, na feni ikachukua muda wake kunyamaza.