Gurudumu la Nne Lilikuwa la Mjomba

Wiki iliyopita mwalimu wa zamu aliamua kwamba bweni letu lina chawa, tukanyolewa wote kipara bila kusikilizwa. Mshkaji aliyeshika wembe akafika nyuma ya sikio langu la kulia, akasimama. "Oya, na hii? Uling'atwa na mamba?" Nina kovu hapo, vidoti vitano vimepangana mstari. Kidato cha kwanza niliwaambia ni chui. Kidato cha pili nikasema polisi, nikaheshimiwa muhula mzima. Safari hii niliona si busara kumdanganya mtu mwenye wembe. Nikasema, "Mnyororo wa baiskeli," nikafunga mdomo. Ila wewe nitakupa yote, maana humo ndani kuna jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilikuwa darasa la tatu, ile miaka ruksa ya biashara imeingia. Mitumba ilipanda milima hadi kwetu Matombo. Ukimkuta mzee anapalilia mihogo, amevaa koti la bwana harusi wa Ulaya. Hiyo ndiyo ruksa tuliyoichekelea. Nyingine ilishukia kiwanda alichofanyia kazi baba mjini Morogoro. Kilipata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe mpya hakuona kazi ya baba ni ipi. Tukafungasha, tukapanda kwa bibi mzaa mama.

Sasa, kwa Waluguru ardhi inapita kwa kina mama, watoto ni wa ukoo wa mama, na mkubwa wa watoto ni mjomba. Baba ni mtu wa Singida. Kule mlimani alilala nyumba ya mama mkwe, akalima shamba la mkewe, akalea wapwa wa shemeji yake. Cha kwake kilikuwa kimoja tu: baiskeli aliyoiokota kwenye mitumba kwa kiinua mgongo chake. We acha! Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, ndefu kama jeneza. Unalala chali, makalio karibu yaparuze barabara, pedeli ziko huko mbele, unazipiga kama mtu anayefukuza mbwa akiwa kitandani. Mzungu aliyeibuni sijui alikuwa mgonjwa au mvivu. Siku baba anaingia nayo kijijini, kina mama waliotoka misa walikaa chini kwa kucheka.

Kwetu kipigo kilikuwa kama chai, hakikosekani asubuhi. Bibi alitumia mwiko, na ulikuwa bado na moto wa magimbi. Mama alitumia kofi. Mwalimu alikuwa na fimbo ya mkwaju aliyoilaza kwenye maji ili isikauke utamu. Mjomba alivua mkanda huku suruali akiishika kwa mkono wa kushoto, na ukicheka suruali ikiteremka anaanza kuhesabu upya. Baba peke yake hakuwahi kunigusa. Sijui ni upole, au ni kwa sababu mtoto hakuwa wake kwa desturi ya pale. Hasira zake alizimalizia kwenye baiskeli. Aliipiga mateke, akaitukana kwa Kinyaturu cha kwao, kisha akaifuta vumbi.

Jambo jingine, bibi na baba hawakusemezana. Heshima ya mkwe. Bibi akiwa jikoni na baba uani, kila neno lilipitia kwangu. "Mwambie baba yako uji tayari." "Mwambie bibi yako ahsante." Nilizunguka nyumba mchana kutwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Na unanijua mimi. Nikichoka kuzunguka, nilitia chumvi. Bibi akisema uji tayari, nafikisha kwamba uji tayari na asinywe kwa sauti. Baba anakunywa kimya, anajibana hadi machozi yanamtoka, na mimi na binamu zangu tunafia nyuma ya banda la kuku.

Safari ya kwanza ya sokoni baba alipakia mikungu sita ya ndizi mzuzu nyuma, juu ya lile gurudumu moja. Kona ya kwanza chini ya misheni, chombo kikalala ubavu. Ndizi zilimpita kichwani, moja ikamvunja jino, na mkungu mmoja ulimfuata mpita njia hadi ukamwangusha. Yule bwana akaamka, akampiga baba ngumi mbili kabla baba hajaanza kumpa pole. Baba alirudi na ndizi za kulisha nguruwe, mdomo umevimba.

Bibi alitoka mlangoni, akanitazama mimi ingawa baba alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. "Mwambie baba yako, ndizi zangu zikifika sokoni nzima kabla ya masika, akae. Zikipondeka tena, njia aliyojia anaijua."

Hapo hapakuhitaji chumvi. Mama aliacha kutwanga. Nilivuka zile hatua tatu nikamwambia baba maneno aliyokwisha kuyasikia, naye akasema, "Mwambie bibi yako nimeelewa."

Ndipo ikaanza kazi ya gurudumu la nne. Lilitoka kwa mjomba, kwenye baiskeli yake kuukuu. Alilitoa kwa maneno mengi kuliko njiti zake. Kwa siku nane uani kwetu palikuwa vitani. Yeye na baba walikata mkia wa ile baiskeli kwa msumeno butu wa chuma, mmoja kakalia fremu, mwingine anavuta, na chuma kinalia mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Mjomba alijipiga nyundo kidole gumba, ukucha ukang'oka. Nilicheka, akanirushia nyundo ileile. Ikanikosa, ikaua kuku. Tulikula kuku yule na ndizi za nazi zenye mdalasini, na mpaka leo ni kuku mtamu kuliko wote niliowahi kusababisha. Fundi wa karakana ya misheni alikuja kuchomelea chuma kipana cha nyuma, na cheche zikamchoma baba mikono, madoa kama ya ndui. Hakuacha kushikilia.

Jioni ya siku ya nane chombo kilisimama. Miguu minne! Ukikisukuma ubavu hakitikisiki. Baba alipanda juu ya kile chuma cha nyuma akaruka-ruka kama mtoto, mama akapiga kigelegele, na mimi nikapigwa kofi na mama huyohuyo kwa kupiga kigelegele cha kumwigiza.

Lakini kilikuwa na kilema. Mnyororo uliweza kuvuta gurudumu moja tu la nyuma. La pili lilifuata tu. Na kwa kuwa la mjomba ndilo lililokuwa na meno mazima, fundi alilifunga hilo upande wa mnyororo, kulia. Kwa hiyo chombo kizima kilikwenda kwa gurudumu la mjomba, na kwa kuwa kilisukumwa upande mmoja, kila mara kilitaka kwenda kushoto. Baba alitembea nacho shingo imepinda, anapigana na usukani.

Mjomba hakuliachia hilo lipite. "Shemeji, umeona nani anavuta?" Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Kilabuni aliwaambia watu, "Matatu yake yamekaa, langu linafanya kazi." Baba alicheka na wenzake, ila usiku ule hakula.

Siku ya soko ilifika na mawingu tayari yamekaa vilimani. Tulipakia mikungu kumi na miwili, mafenesi mawili, na kikapu cha pilipili manga. Chombo kilisimama juu ya mteremko wa mto, jiwe limewekwa mbele ya gurudumu. Baba alikuwa anakaza nati. Bibi akaniita jikoni. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, na sauti yake nilikuwa sijaisikia hivyo. "Mwambie baba yako ashuke taratibu. Mwambie kazi nimeiona. Mungu amtangulie."

Nikatoka. Binamu zangu wanne walikuwa wamekaa kwenye gogo, wananisubiri nifanye kituko, maana ndiyo kazi niliyokuwa nayo pale duniani. Nikasimama mbele ya baba, mikono kiunoni kama bibi, nikasema: "Bibi anasema gurudumu la mwanawe ndilo linalokwenda. Wewe ni mzigo tu, kama ndizi."

Binamu zangu waliangua kicheko. Mjomba, aliyekuwa anafunga kamba, naye akacheka; akampiga baba mgongoni. "Shemeji, mama hakosei!"

 Baba alichukua spana akainama, akaanza kufungua gurudumu la mjomba. Mjomba akamshika mkono, akasukumwa. Akarudi, akapigwa kichwa cha pua, damu ikaruka mpaka kwenye mafenesi. Sijawahi kuona mtu mpole akipiga. Hajui kupunguza. Walianguka chini pamoja wakabingirika kwenye maganda ya ndizi, wanang'atana, wanapigana makonzi. Mama alikuja mbio, nikajua anakuja kuwaamua. Akamng'ata kaka yake mkono hadi akamwachia mumewe koo. Binamu mkubwa, mwana wa mjomba, akamvuta mama nywele kumtetea baba yake. Bibi alitoka na mchi wa kinu akawa anapiga yeyote aliye karibu, bila upendeleo.

Mjomba aliokota mnyororo wa akiba, akauzungusha. Hapo ndipo nilipoingia katikati, nikapiga kelele, "Nilikuwa natania!" Hakuna aliyesikia. Mnyororo ulinipata nyuma ya sikio, na kwa muda dunia ilikuwa nyeupe na ina kengele.

Nikiwa chini niliona mguu wa mtu ukilipiga lile jiwe. Chombo kikaanza kwenda chenyewe. Na kwa kuwa hakuna aliyekanyaga pedeli, hakuna gurudumu lililovuta kuliko lingine, kilinyooka. Kwa mara ya kwanza kilinyooka kama rula, kikashuka mteremko kikizidi kasi, kikaruka ukingo, kikagonga mawe ya mtoni kwa mlio niliousikia kifuani. Mikungu kumi na miwili ikasambaa majini.

Wote waliachiana. Baba alisimama, shati limechanika, akasema kwa sauti ya chini, akitazama ardhi mbele ya bibi, "Mama mwenyewe amesema mimi ni mzigo. Mzigo umeshushwa."

Bibi alishtuka. Nilimwona anafungua mdomo, karibu amsemeze. Angemsemeza mara moja tu! Lakini miaka yake yote ilikuwa mizito kuliko dakika ile. Akanigeukia mimi, mchi mkononi. "Mwambie baba yako sikusema hivyo."

Baba alisikia, kama sisi wote. Akanitazama. "Eti, mwanangu? Hakusema?"

Damu ilikuwa inashuka shingoni. Mjomba alishika mkanda wake tayari. Nilifikiria mkanda, mwiko, kofi, mkwaju, vyote kwa pamoja, na nikatazama vidole vya miguu yangu. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Baba alisubiri. Alisubiri muda mrefu, mwenzangu, mtu angeweza kumenya ndizi nzima. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wake. Alipopita aliweka kiganja juu ya kichwa changu, upande usio na damu.

Yuko Turiani siku hizi, anakata miwa, ana mke na watoto ambao nasikia ni wake kabisa. Pikapu za wachuuzi zinapanda mpaka misheni kununua ndizi shambani, na wakwe wa kisasa wanakula sahani moja na mama wakwe zao, wanabishania mpira. Mto unapita palepale. Bibi tulimzika mwaka jana.

Tangu siku ile ya vita bibi alinituma maji, kuni, chumvi dukani. Hakunituma tena neno kwa mtu. Akitaka kumwambia mama jambo, na mimi nimekaa mbele yake, aliinuka na magoti yake mabovu akaenda mwenyewe. Na katika nyumba ile, ambamo nilipigwa kwa kumwaga uji, kwa kucheka suruali, kwa kigelegele, hakuna aliyenipiga kwa lile. Ningekuwa nimelilipia kwa kipigo, ningekuwa nimelisahau.