Jina la baba mkwe kwenye maporomoko

Leo nimemwita baba mkwe kwa jina lake, mbele ya watu.

Wanaojua mila za huku washashika kichwa. Mke hataji jina la baba mkwe. Mimi si wa huku, nimekulia Karagwe, lakini hilo niliambiwa kabla ya harusi, na miaka sita sijakosea. Hata mama mkwe humwita "Papa" tu.

Tulikwenda kutazama maporomoko ya maji, huko juu ya Rugerero. Mzee akataka kumpiga mkewe picha, maji yote yaonekane. Akawa anarudi kinyumenyume, macho kwenye simu.

Nyuma yake mawe yenye utelezi. Nyuma ya mawe, hakuna kitu.

Mama mkwe akaita, "Papa, papa." Maji yakameza sauti.

Nikaita "Papa" kwa nguvu zangu zote. Wakageuka wazee watatu nisiowajua. Yeye hakugeuka.

Basi nikalitaja. Lote, pamoja na la ubatizo.

Akasimama. Kisigino kimoja kilikuwa tayari hewani.

Hakunishukuru. Aliniangalia tu, akauliza, "Ile jina, nani alikupa ruhusa?"

Tumerudi nyumbani. Sasa yuko sebuleni na mume wangu, wamefunga mlango. Semeni kweli, nyinyi mngefanyaje?

Mama mkwe ameingia jikoni sasa hivi. Nilidhani amekuja kunisema. Amenishika mkono.

"Mi pia ile jina ilikuwa mu kinywa," amesema. "Ikakataa kutoka."