Waya Mfupi wa Saa Sita

Mwanangu, bado naikumbuka adhuhuri moja ya enzi za Zaïre, hapa hapa Bukavu. Ziwa lilikuwa limetulia kama limesinzia, nami nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye kitenge, tayari kurudi kwa baba. Nilikuwa mwali wa juzi tu, na ndoa nilikwisha kuizika.

Mume wangu Bisimwa alikuwa muuguzi, na kazi ilimpeleka Shabunda, mbali ndani ya msitu. Barabara ilikuwa matope matupu. Abiria mmoja wa ndege ndogo alishuka kwenye uwanja wa Kavumu na salamu zake: kila saa sita mchana atakuwa kwenye redio ya padri wa huko, aniite. Nikamkimbilia tonton Mugisho, ndugu ya mama yangu, mwalimu wa fizikia. Yeye alikuwa na kibali cha kuzungumza redioni na wapenzi wenzake wa mawimbi, na kwa redio alikuwa mgonjwa kabisa.

Antena yake ya zamani ilikuwa imeoza, kwa hiyo tukatengeneza nyingine. Kebo tuliipandisha hadi katikati ya mikaratusi miwili, na pale juu ikagawanyika, waya mmoja kulia, mwingine kushoto. Ncha tulizifunga kwa vipande vya bidoni la plastiki na kamba ya nailoni, waya usiguse mti. Kila waya tonton aliukata mrefu kupita kipimo, kisha akaupunguza kidogo kidogo, akiimba chini kwa chini. Hiyo mirefu ilikuwa ya mazungumzo ya jioni. Ya mchana, ambao mawimbi yake ni mafupi zaidi, ilipaswa kuwa mingine miwili, nusu ya urefu huo, ining'inie chini yake kutoka kitovu kilekile. Lakini waya ukatuishia. Uliobaki ulikuwa ule wa kuanikia nguo zangu.

“Nsimire, unipe ile waya unaanikaka manguo,” akaniomba.

Nilicheka. “Tonton, Shabunda iko mbali! Waya mufupi itafika wapi? Ile murefu inatosha.”

Akaniachia waya wangu, tukabaki na ile mirefu. Saa sita ikafika, tukawasha, ikavuma mivumo tu, kama mvua juu ya mabati. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo niliutunga mwenyewe. Nilimwona Bisimwa akicheka na msichana wa Shabunda, hata rangi ya kitenge cha huyo msichana niliiona! Nililia hadi nikachoka kulia, ndipo nikafunga nguo.

Tonton alinikuta mlangoni. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

“Mutoto wangu, umesha hukumu muntu. Ulimusikia akisema hakutaki?”

“Hapana, tonton.”

“Basi hujasikia kitu. Tuko tunamusikiliza na waya haiko ya midi, ya saa sita, nawe unasema njo yeye ananyamaza. Anza kutengeneza masikio yako. Kisha, kama unataka kuenda, uende.”

Nikafungua waya wa nguo kwa mikono yangu, huku aibu imenijaa. Tukaukata, tukautundika chini ya ule mrefu. Kesho yake saa sita, kutoka ndani ya ile mivumo, sauti ikaja polepole, laini, mfano wa mtu anayeniita ndotoni.

“Nsimire? Nsimire, uko? Kila midi niko nakuita. Nilizani umechoka na mie.”

Nilishika kipaza sauti nikamwambia niko, namsikia. Kumbe naye alikuwa na kimya chake cha kubeba kule msituni, na kimya hicho nilikuwa nimempa mimi.

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nusura nivunje nyumba nzima. Ukimwita mtu asiitike, au ukimngoja asikuite, usikimbilie kufunga mzigo. Jiulize kwanza unamsikiliza kwa kitu gani, na kwa saa gani. Wapo wanaosikika mchana, wapo wa jioni, na wote wanaweza kuning'inia kwenye kitovu kimoja bila kugombana. Usidharau waya mfupi kwa kuwa safari ni ndefu.

Mungu akupe masikio mapana kuliko hasira yako. Na yule anayekuita sasa hivi, popote alipo, asichoke kabla hujamsikia.